Milimita Tano za Mama Hatsue

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta mwingine, maana botini tulikuwa wanane, na mtu akitutazama kwa mavazi tu angemnyooshea kidole asiye na hatia.

Angemnyooshea Mama Hatsue. Bibi wa miaka sabini na tatu kutoka Hokkaido, mwembamba kama ufito, anashuka kwenye gati la Malakal, visiwani Palau, saa kumi na moja alfajiri, joto limeshaanza kutulowesha migongo, naye amekumbatia suti ya mpira ya kuzamia yenye unene wa milimita tano. Mikono mirefu, miguu mirefu. Na kizibao kingine cha mpira cha kuvaa ndani yake, na kofia ya mpira. Risasi za kumsaidia kuzama na mpira wote huo zilikuwa kilo saba. Mimi, kiongozi wake, nilikuwa na bukta na fulana ya mashindano ya besiboli, ya ule mwaka ambao timu yetu ilishika mkia.

"Mama," nikamwambia huku nikipokea begi lake, "pole sana, boti ya kwenda kwenye barafu imeondoka jana. Hii inakwenda Peleliu."

Akacheka, mkono mdomoni. "Hata mwaka jana niliambiwa hivyo hivyo," akasema. "Ila yule aliyesema alikuwa na mafuta mwilini kuliko wewe."

Mzee Kazuo, mwendesha boti wetu, alicheka mpaka popoo ikampalia, akatema wekundu wake kwenye kopo na kunitazama kwa huruma. Nilipaswa kuelewa pale pale. Sikuelewa.

Naomba nijitetee kidogo. Mimi ni mtu wa Ngaremlengui. Kwetu kijana anafundishwa na wajomba zake kuvua kwa mkuki: bukta, fulana, miwani, basi. Unazama kwa pumzi moja, unapiga, unarudi juu, jua linakuchoma mgongo, unazama tena. Kwa saa nne, saa tano, mpaka sanduku la barafu lijae. Sikuwahi kumsikia mjomba yeyote akitaja baridi. Mvuvi akionekana na suti ya mpira, anaulizwa kama mkewe amemruhusu kutoka nje. Nami maisha yalikuwa yameshanipiga makofi ya kutosha kunifundisha kwamba mengi siyajui. Rafadha ya injini ilinichana goti. Mke alinirudisha kwa mama yangu, nguo zangu ndani ya gunia la mchele. Duka langu la chambo lilikufa kabla rangi ya bango haijakauka. Lakini kwenye maji ya Palau, hapo nilijiona profesa.

Dada Kebekol ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Miaka ishirini na sita anaongoza wazamiaji, na suti yake ya milimita tano ilikuwa na viraka magotini na kwenye makalio. Kila asubuhi nilikuwa na neno la kumwambia kuhusu viraka vile. Asubuhi hiyo alikuwa akiivaa, anajivuta na kuguna, nami nikamwuliza kama nimletee sabuni au mtarimbo.

"Maji yana nyuzi ngapi, Temol?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Ishirini na tisa."

"Wapi?"

"Hapa. Chovya kidole."

"Mita ishirini na tano chini?"

"Ishirini na nane na nusu. Supu."

"Na dakika ya sitini?"

"Maji hayana saa, dada."

"Ngozi inayo." Akafunga zipu. "Hizi ni tano hapa juu. Nikishuka, maji yanaubana mpira, zinabaki mbili na kitu. Wewe ukishuka utabaki na nini?"

"Na joto langu la kuzaliwa."

"Utabaki na maandishi ya kifuani," akasema. "Na timu yenyewe ilifungwa."

Wageni wengine wanne, watu na wake zao kutoka Melbourne, walicheka. Wao walivaa nyembamba za kukatwa mikono kama wavaavyo watalii wengi, ndivyo wanavyoambiwa na kila kitabu: nchi za joto, milimita tatu, tena fupi. Kwa siku ya kawaida kitabu hakikosei. Unazama, unaogelea ukutani dakika arobaini na tano, unapanda, unakula ndizi.

Lakini haikuwa siku ya kawaida. Mwezi ulikuwa mpevu, na kwenye pembe ya kusini ya Peleliu samaki wekundu waitwao kungu walikuwa wanakusanyika kutaga. Wanatoka kwenye miamba yote, umbali wa siku nyingi za kuogelea, wanakutana mahali pamoja, na asubuhi moja au mbili wanafanya jambo lao na kuondoka. Ukikosa, unangoja mwezi mwingine au mwaka mwingine.

Mama Hatsue alikuwa amekosa mara mbili. Alinisimulia njiani, kwa sauti ya juu kwa sababu ya injini, bila kulalamika, kama mtu anayesoma ratiba ya treni. Mwaka juzi mkondo ulikufa, samaki wakatawanyika. Mwaka jana kiongozi wake alimshawishi aache suti yake nene, avae nyembamba.

"Dakika ya arobaini meno yakaanza kugongana," akasema. "Nikapandishwa. Wenzangu walipotoka majini wakaniambia ilianza dakika ya arobaini na tano."

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu daktari wa masikio ameniruhusu kwa mara ya mwisho. Kwa hiyo, kijana wangu, kama unataka kunicheka, cheka sasa hivi umalize. Kule chini nitakuwa na kazi."

Nikacheka, nikamaliza, nikanyamaza. Maana na mimi nilikuwa na langu. Dada Kebekol alikuwa ameniahidi: mfikishe mgeni mmoja kwenye kutaga, mwonyeshe, mrudishe salama, wewe mwenyewe bila mimi, na mwezi ujao nakupa kundi lako. Miaka mitatu nilikuwa mbeba mitungi. Yeye angewachukua wale wanne. Mama Hatsue, kwa kuwa anaogelea polepole, alikuwa wangu peke yangu. Na sheria ya wawili wawili kila mzamiaji anaijua: mmoja akipanda, wote wanapanda. Yaani macho ya Mama Hatsue na riziki yangu vilifungwa kamba moja.

Mzamo wa kwanza tulishuka saa kumi na mbili na nusu. Nitawaelezaje? Kungu nilikuwa nawajua tangu utoto, mmoja kwenye mkuki, kumi ndani ya barafu, kichwa kimoja kwenye sahani na taro pembeni. Niliwajua kama unavyowajua majirani. Sasa tukauacha ukuta wa matumbawe, tukasogea kwenye buluu isiyo na chini, na buluu yenyewe ikawa nyekundu. Walikuwa wametanda kutoka mita kumi na tano mpaka kule macho yanapokoma, bega kwa bega, wote wakielekea mkondo unakotoka, wametulia. Kila jicho lilitutazama na kutupuuza. Ilikuwa kama kuingia kwa bahati mbaya kwenye msiba wa mtu mkubwa usiyemjua, ukabaki umesimama mlangoni na kandambili zako mkononi.

Pembezoni papa walipita mmoja mmoja, bila haraka, kama watu wenye uhakika wa chakula.

Tulingoja dakika hamsini na tano. Hakuna kilichotokea. Hewa ikapungua, tukapanda.

Na hapa ndipo ujinga wangu ulipoanza kunitoza, ingawa sikuisikia hesabu. Nilipopanda nilikuwa na ubaridi kidogo kwenye mbavu, kitu kama upepo wa feni. Botini upepo halisi ulikuwa unavuma kutoka kaskazini mashariki. Kila mtu akajifunika. Mama Hatsue alivua suti mpaka kiunoni, akajikausha, akavaa sweta, akashika kikombe cha tambi za moto kwa mikono miwili. Dada Kebekol alivaa koti la mvua juu ya kila kitu. Mimi nilikaa puani mwa boti na fulana yangu inayodondosha maji, miguu nje, nikipiga mluzi.

"Kunywa kitu cha moto," Mzee Kazuo akanisukumia chupa ya chai.

"Mzee, mimi si mgonjwa."

"Midomo yako ina rangi ya samaki kasuku."

"Ni uzuri wa asili huo."

"Kuna suti ya akiba chini ya benchi," Dada Kebekol akasema. "Tano. Itakutosha."

"Ile iliyokuwa ya yule Mjerumani? Dada, watu wa Ngaremlengui wakisikia nimevaa suruali ya Mjerumani kwenda kutazama kungu, nitahama nchi."

Hakusema tena. Dada Kebekol ana tabia hiyo mbaya: anakuambia mara moja.

Saa tatu kasoro tukashuka mara ya pili.

Walikuwapo bado, lakini hawakuwa wale wa mwanzo. Kitu kilikuwa kimepita katikati yao. Rangi zilikuwa zinabadilika mwilini mwao mbele ya macho yetu: huyu anapauka, yule anakuwa na madoa meupe mgongoni, mwingine anageuka mweusi usoni halafu anarudi mwekundu. Majike walikuwa wamevimba matumbo. Madume waliwasukuma kwa pua, taratibu kwanza. Kundi zima, maelfu, lilianza kuzunguka, na lilipogeuka ubavu wake kuelekea jua, mwanga ulikimbia kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule kama mtu amekung'uta shuka. Nilimtazama Mama Hatsue. Alikuwa ameelea wima, mikono ameikunja kifuani, hatikisi hata kidole.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho mjomba hakuwahi kunifundisha, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kukihitaji. Mvuvi wa mkuki hatulii. Anapiga miguu, anapanda, anapigwa jua, anashuka. Mwili wake ni jiko linalochochewa kila dakika. Kungoja kungu watage ni kazi ya kutulia. Unaning'inia mita ishirini, husogei ili usiwatawanye, na maji, hata yale ya supu, yanachukua joto lako kidogo kidogo kutwa nzima kama mwizi mwenye adabu. Na mimi nilikuwa nimezama mara nne jana yake, mara moja asubuhi ile, na katikati nikajianika kwenye upepo kama ng'onda.

Dakika ya thelathini nikaona maji chini yetu yanacheza. Yalikuwa yanatetemeka kama hewa juu ya bati la mchana. Nikafikiri, vizuri, angalau kitu cha moto. Yakapanda, yakatugusa mapezi, magoti, kiuno. Yalikuwa ni maji ya kilindini, yanayosukumwa juu na mkondo. Saa yangu ya kuzamia iliandika nyuzi ishirini na nne. Fulana ya besiboli ilinishika kifuani kama mkono wa maiti.

Sasa nitasema kweli. Nilianza kutetemeka dakika ya thelathini na tatu na nikaficha. Nilikunja mikono kwapani nikajifanya natafakari. Nilikuwa najua kanuni. Mzamiaji akitetemeka bila kuweza kujizuia, mzamo umekwisha. Nilikuwa nimewasomea wageni kanuni hiyo asubuhi, kwa mbwembwe. Lakini mbele yangu walikuwa kungu wanaokaribia, na kando yangu bibi aliyekuja mara tatu. Nikajiambia dakika tano. Nikajiambia tena. Kinywa cha hewa kilikuwa kinagonga meno yangu mpaka nikahofia samaki watasikia. Niliitazama saa, nikaona namba, nikashindwa kukumbuka namba zile zinahusu nini.

Mama Hatsue aligeuka. Akaniuliza kwa vidole, duara la kidole na gumba: uko sawa?

Nilitaka kumjibu kwa duara. Gumba halikukunjika. Nikampa ngumi.

Akanitazama. Akasogea, akanishika kifundo cha mkono, akaweka vidole vyake viwili pale kwenye mshipa na akatulia hivyo muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nyuma ya bega lake kungu walikuwa wameanza kukimbia. Kundi zima lilikuwa limejikaza likawa kama nguzo, na mwendo wake ulikuwa wa kasi. Nilimwonyesha: tazama, tazama, wanaanza! Hakugeuka hata kidogo. Aliinua mkono mbele ya miwani yangu na kusimamisha dole gumba. Tupande.

Nikatikisa kichwa. Nikaonyesha vidole viwili: dakika mbili.

Dole gumba.

Nikawaonyesha samaki tena, nikamwonyesha yeye kifuani, nikataka kumwambia kwa mikono iliyokufa ganzi kwamba ni mara yako ya tatu, Mama, daktari, masikio, mwaka jana. Sijui alielewa nini katika kupapatika kule. Alinishika jaketi langu la kuelea kwa mkono mmoja, akapuliza hewa kidogo kwenye lake, na tukaanza kupanda, polepole sana, uso wake umenielekea mimi na mgongo wake umewaelekea kungu. Bibi wa kilo arobaini na tano alinibeba kama kikapu.

Kitu kikaniuma kifuani kuliko baridi. Nilikuwa namwibia.

Mita tano tulisimama, maana damu inahitaji dakika za kutoa gesi iliyoinywa chini kabla mtu hajatoka majini. Nilijaribu kutoa boya la kumwita Mzee Kazuo, vidole vikakataa. Akalichukua, akalijaza hewa, akaliachia likaenda juu. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuona likifanywa na mtu yeyote majini. Alivua kofia yake ya mpira. Nywele zake fupi nyeupe zikasimama zote. Akaninyanyulia miwani kidogo, maji yakaingia, akanivika kofia ile kwa mivuto mitatu, akanirudishia miwani. Akanizunguka nyuma, akapitisha mikono yake chini ya kwapa zangu, akanibana mgongo wangu kwenye ile milimita tano yake, magoti yamenifunga kiunoni. Hapo tulikuwa, kiongozi na mgeni wake. Nikapuliza hewa, miwani ikatoka maji, nikatazama chini.

Na bahari ikafunguka.

Kwanza waliruka wachache. Jike mmoja alichomoka kutoka kwenye kundi akipanda juu wima, na madume kumi na watano nyuma yake, ubavuni mwake, tumboni mwake, wakawa fundo moja linalotetemeka. Fundo likapasuka, likaacha wingu jeupe dogo kama pumzi ya asubuhi, na wote wakageuka kurudi chini. Walipogeuka nikasikia. Nilisikia kwenye mifupa ya kifua: dum, kama mlango mzito umefungwa nyumba ya pili. Halafu mwingine. Halafu huku watatu, kule kumi. Dum, dum-dum. Halafu haikuwezekana tena kuhesabu.

Kutoka pale juu tuliwaona wote. Kule chini nilikuwa nimeona ukuta wa samaki. Huku juu niliona umbo lao lote. Nguzo ya samaki ilikuwa pana kama uwanja wa besiboli na ilikuwa inazunguka, nyekundu, na kutoka kileleni mwake mafundo yalirushwa kuja kwetu, yakipasuka mita saba, mita sita chini ya mapezi yetu, tukiyaona macho yao, midomo yao wazi, jinsi mwili mzima ulivyokazwa kwa ajili ya jambo lile moja. Mawingu meupe yaliungana. Papa walipita ndani yake na kutoka upande wa pili wakiwa wameacha njia nyeusi nyuma yao. Samaki taa mkubwa, sijui alitoka wapi, akaja na mdomo wazi kama mlango wa duka, akapinduka ndani ya wingu akila mayai, akapinduka tena. Tumbo lake jeupe. Na kundi halikukoma. Nilikuwa nimewala samaki hawa maisha yangu yote. Nilikuwa nimewapiga mkuki, nimewapaa magamba, nimewauza. Hakuna siku niliyojiuliza wanatoka wapi. Wanatoka hapa. Kila kungu niliyewahi kumla alikuwa kijitone kisichoonekana katika asubuhi kama hii, na mimi nilikuwa nikipiga mluzi.

Sikuwa na ukubwa wowote. Nilikuwa kitu kidogo chenye kofia ya kuazima, na nilifurahi kuwa hivyo.

Mgongoni mwangu mbavu za Mama Hatsue zilikuwa zinatikisika. Anacheka au analia, sikuweza kujua, na mpaka leo sijamwuliza.

Mwishowe lile wingu likapanda likatufikia. Likameza mapezi, magoti, mikono. Kila kitu kikawa cheupe, hata viputo vya hewa yetu. Tukatoka juu.

Mzee Kazuo alinivuta kwa kola ya fulana. Sikuweza kushika ngazi. Alinifunga ndani ya turubai, juu yake koti lake, na akanimwagia chai mdomoni kama anayejaza mafuta kwenye injini, na muda wote hakunyamaza.

"Karibu, mtoto wa Ngaremlengui. Nimesikia una joto la kuzaliwa. Hebu niazime kidogo. Na kofia hii ni ya nani? Inakupendeza. Inakufanya uwe na akili usoni."

Nilijaribu kumjibu, nikatoa mlio wa meno.

Baada ya dakika kumi na mbili kundi la Dada Kebekol likapanda. Wale wanne wa Melbourne walikuwa wa bluu, wanatetemeka, na nyuso zao zilikuwa za watu waliotoka sinema umeme ukiwa umekatika.

"Tulikuwa katikati kabisa," mmoja wao akasema. "Katikati! Tumeona sekunde kama tano. Halafu maziwa. Sikuona hata mkono wangu."

"Nilisikia tu," mwenzake akasema. "Nilipigwa na samaki kichwani, sikumwona."

Wakamtazama Mama Hatsue, ambaye alikuwa ameketi na sweta lake na nywele zake zimesimama. Alikuwa na macho ya mtu ambaye bado hajarudi.

"Nyinyi mlikuwa wapi?" Dada Kebekol akauliza.

"Juu yake," Mama Hatsue akasema. "Tumeona yote."

Nami chai ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Ulimi wangu ndicho kiungo kinachopata moto mapema kuliko vyote, huo ndio msiba wa maisha yangu.

"Mmesikia?" nikasema ndani ya turubai. "Yote! Sasa tupige hesabu bila hasira. Waliovaa suti walikaa chini, wamekunywa maziwa. Aliyevaa fulana alipata baridi. Kwa sababu ya baridi tukapanda. Kwa sababu ya kupanda tumeona. Kwa hiyo aliyetuonyesha kungu ni nani? Ni fulana hii. Dada, naomba hilo liandikwe."

Mzee Kazuo alifunika uso kwa kofia. Dada Kebekol alivua miwani shingoni, akaketi kwenye benchi mbele yangu, maji yanamtiririka kwenye viraka.

"Mama Hatsue," akasema, bila kunitazama, "huyu alikuwa kiongozi wako. Nilimwahidi kundi mwezi ujao. Wewe ndiye ulikuwa naye kule. Nimpe au nisimpe?"

Miaka mitatu ya kubeba mitungi ilikuwa imekaa kwenye midomo ya bibi yule, na nilikuwa nimetoka kuichafua kwa maneno yangu mwenyewe.

Mama Hatsue alifikiri. Alikunywa chai. "Aliponiona nimegeukia kwake na si kwa samaki, alilia ndani ya miwani," akasema. "Hakulilia nafsi yake. Alininyooshea mimi kidole: aliogopa nisikose tena. Mpe."

"Asante, Mama," nikasema, na nilikuwa nasema kutoka tumboni.

"Ila atavaa tano. Na kofia. Kila mzamo wa kungoja."

Hapo ningenyamaza, hadithi ingeisha vizuri. "Mama yangu," nikasema, "nakuheshimu kuliko serikali. Lakini tano? Mwili ni wangu, na mimi ndiye niliye ndani yake. Nani anajua kama nasikia baridi kuliko mimi mwenyewe? Angalau tujadiliane. Tatu! Tatu bila kofia, nami nakuahidi kwamba nikianza kutetemeka nitasema."

Aliinuka, akaja akalivuta turubai mpaka kidevuni mwangu, akalibana pembeni kwa mipigo miwili ya haraka ya kiganja, kazi ya mtu aliyeifanya mara elfu.

"Miaka thelathini na minne," akasema, "nimelea watoto wa hospitali waliozaliwa kabla ya miezi yao kutimia. Wote walikuwa wanapiga teke blanketi. Hakuna hata mmoja niliyemwomba maoni."